Maji Yaliyo Chini ya Diani

Nawasalimu wa Tiwi, Ukunda, Kinondo, Gazi, Msambweni na Ramisi, mpaka Vanga na Lunga Lunga. Nawasalimu na ndugu zetu wa Likoni, maana ijapokuwa wao wako kaunti nyingine, maji tunayoyazungumzia leo ndiyo wanayokunywa.

Maji yakitajwa siku hizi, jina la kwanza kusikika ni Mwache. Mwanasiasa akipanda jukwaani, ni Mwache. Mtu akilalamika kwamba bomba limekauka, anaambiwa avute subira, Mwache yaja. Wala si ajabu. Bwawa lile la Fulugani, kule Kinango, limepangiwa ukuta wa urefu wa mita 87.5 na maji ya lita milioni 186 kwa siku, ya Mombasa na ya Kwale. Hiyo ni kazi kubwa, na sina ugomvi nayo. Ila Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameshasoma shule ya msingi yote akingojea maji hayo.

Na katika miaka hiyo yote ya kungojea, sisi wa kusini tumekuwa tukinywa nini? Hapo ndipo nataka tutulie kidogo. Maji uliyooga asubuhi hapo Diani hayakutoka kwenye bwawa lolote. Yalitoka chini ya miguu yako. Visima virefu vya Tiwi ndivyo vinavyolisha Ukunda na Diani, na bomba lake linaendelea mpaka Likoni. Hoteli nyingi kubwa za ufuoni zina visima vyao ndani ya ua. Kijijini, Mwabungo au Makongeni, ni kisima cha kamba au bomba la mkono. Ukiondoa chemchemi za Marere kule Shimba Hills, ambazo zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi za Mwingereza, kabla hata bomba la Mzima halijafika mjini mwaka 1957 kwa safari ya kilomita 220, karibu maisha yetu yote ya pwani hii yamejengwa juu ya maji ya ardhini.

Kwa miaka mingi wazee wetu wamelalamika kwamba maji yanatoka Kwale yanapita yakaenda Mombasa, na mwenye nchi anabaki akitazama bomba likikatiza shamba lake. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini limetufanya tuzoee kugombania mgao wa kitu ambacho hatujakipima. Anayedai nusu ya maji ya Tiwi aulizwe: nusu ya kiasi gani?

Tuuangalie mwamba wenyewe. Ukitoka ufuoni ukapanda kuelekea Shimba Hills, unapita juu ya ardhi za aina tatu. Pale pwani penyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale, yale mawe tunayochonga kujengea nyumba. Umejaa matundu na mapango. Maji hupita ndani yake upesi, na uchafu vilevile. Nyuma yake kuna mchanga, ukiwemo ule mwekundu wa Maumba na Nguluku uliotuletea wachimba madini. Na juu kabisa ni mawe ya mchanga ya vilima vya Shimba. Mvua ya mwaka ikinyesha kule juu, sehemu yake huzama, ikatembea chini kwa chini kuelekea baharini, ikijaza visima vyetu njiani. Ndiyo maana msitu wa Shimba si mambo ya ndovu na watalii peke yake.

Sasa maji hayo matamu yakikaribia ufuo hukutana na maji ya bahari, ambayo nayo yanapenya ndani ya mwamba. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya yale ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Kuna kanuni iliyogunduliwa na wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, nayo si ngumu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukisikia hivyo unafurahi. Lakini igeuze. Ukivuta maji hata yakashuka mita moja tu, chumvi iliyo chini inaweza kupanda mita 40 kuja kukujia. Haipandi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo penye hatari. Mwenye pampu haoni kitu. Anaona maji yanatoka vizuri, anaongeza pampu ya pili. Siku anapoonja chumvi kwenye chai, jambo lenyewe lilishatokea zamani, na kuirudisha chumvi chini huchukua misimu mingi ya mvua, kama itakubali.

Majirani zetu wa Dar es Salaam wanaijua habari hii. Ukame wa mwaka 1997 ulipowabana, visima vingi vya dharura vilichimbwa mjini, na uchimbaji ukaendelea hata baada ya mvua kurudi. Leo visima vingi vya upande wa bahari vina chumvi. Hakuna aliyefanya ubaya; kila mtu alitaka maji ya nyumbani kwake. Ni jumla yao ndiyo iliyoharibu.

Basi Diani ni nani anayevuta, na anavuta kiasi gani? Kati ya mwaka 2015 na 2019 palikuwa na mradi wa utafiti hapa kwetu, kati ya mito Mkurumudzi na Ramisi, ulioitwa Gro for GooD. Walikuwamo Chuo Kikuu cha Oxford, Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na wataalamu wa mwamba kutoka Barcelona. Walitaka kujua hali ya maji ya ardhini pale ambapo machimbo ya madini, mashamba ya miwa, hoteli na vijiji vinachota mahali pamoja. Kwa machimbo na miwa walipata takwimu, kwa sababu kampuni zilikuwa zikipima zenyewe kwa faida zao. Mengine ilibidi wayakadirie, na miongoni mwa njia walizotumia ni kutazama picha za Google Earth na kusoma tovuti ya TripAdvisor, ile wanayotazama watalii kabla ya kuchagua hoteli.

Naomba msikilizaji ulipime jambo hilo. Nchi ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Ina Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo bila kibali chake mtu haruhusiwi kuchimba kisima kirefu, na mwenye kibali anatakiwa aweke mita na alipie anachokivuta. Halafu msomi aliyetoka ng'ambo, akitaka kujua Diani inakunywa maji kiasi gani, anakwenda kusoma maoni ya wageni kuhusu bwawa la kuogelea. Siwacheki watafiti, walifanya la maana kwa walichokipata. Ninayemuuliza ni yule anayetoa vibali: daftari lako liko wapi?

Na hoteli angalau zinaonekana. Siku hizi kuna jambo jingine. Tangu barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake kufunguliwa, mtu wa Nairobi anateremka kwenye treni Miritini na saa moja baadaye yuko Diani bila kuonana na feri. Nyumba za kukodisha wageni zinaota kila kichochoro kutoka Galu mpaka Tiwi, na nyingi zina bwawa la kuogelea na kisima chake. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 katika kaunti yetu ya Kwale. Ya 2019 ikahesabu 866,820. Hilo ni ongezeko la theluthi moja katika miaka kumi, kabla ya kumhesabu mgeni hata mmoja.

Nisije nikaonekana nalalamika tu, niseme jambo ambalo watu wengi wa Kwale hawalijui, nalo ni la kujivunia. Miaka ya 1980, shirika la KWAHO, Wizara ya Maji, Benki ya Dunia na UNDP, pamoja na fedha za Uswidi, walikuja kufanya majaribio ya mabomba ya mkono katika vijiji vyetu. Mabomba ya zamani yalikuwa yakiharibika, kijiji kinakaa miezi kikingojea fundi wa serikali. Wakatafuta bomba ambalo wanawake wa kijiji wenyewe wataweza kulifungua na kulitengeneza kwa spana moja. Kutokana na kazi iliyofanyika hapa na kule Malawi likapatikana bomba liitwalo Afridev, ambalo leo linatumika sehemu nyingi za Afrika na hata Asia. Kinamama wa Kwale walioketi kwenye kamati zile, wakashika spana, ni watu wa kuandikwa katika historia ya maji ya dunia. Sijaona hata ubao mmoja wa kuwakumbuka.

Miaka kama thelathini baadaye, watafiti wa Oxford wakaja kwenye mabomba hayo hayo. Ndani ya mkono wa bomba wakatia kifaa kidogo kinachohesabu jinsi mkono unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma hesabu kwa njia ya simu. Walivifunga vifaa hivyo kwenye mabomba kama 300 ya Kwale. Bomba likinyamaza, fundi anajua, anakuja baada ya siku chache badala ya majuma. Kutoka kwenye vifaa hivyo ikaonekana pia kwamba mvua ikinyesha matumizi ya bomba hushuka, kwa kuwa watu hukinga maji ya paa, na pesa za kulitunza bomba nazo hushuka. Jambo ambalo mweka hazina yeyote wa kamati ya kisima angekwambia, ila sasa limepimwa. Na la ajabu zaidi, wakagundua kwamba mtetemo wa mkono wa bomba unaweza kukadiria kina cha maji yaliyo chini. Kwa maneno mengine, bibi anayechota maji Kinondo alikuwa akiipima ardhi bila kujua.

Nimeyaleta hayo kwa sababu ndiyo kiini cha maneno yangu leo. Kupima kunawezekana. Kumefanyika hapa hapa, kwa vifaa vya bei ndogo, na kwa watu wetu. Tatizo ni kwamba kila aliyepima alikuwa mpita njia: mradi wenye tarehe ya kumalizika, au kampuni yenye shughuli zake.

Tuchukue machimbo. Kampuni ya Base Titanium, iliyochimba mchanga wa Maumba na Nguluku, ilisafirisha shehena yake ya kwanza Februari 2014, na Desemba 2024 ikafunga uchimbaji. Kwa muda ule wote ilihitaji maji mengi ya kuoshea mchanga, kwa hiyo ilijenga bwawa katika mto Mkurumudzi na kuchimba visima virefu upande wa Gongoni. Na ikawa inapima: maji ya mto, kina cha visima, chumvi. Mwaka 2016 vuli ilipokosekana na La Niña ikatukausha, vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyowawezesha watafiti kusema ardhi inastahimili vipi ukame na matumizi makubwa kwa wakati mmoja. Sasa uchimbaji umekwisha. Wengi wanauliza habari za ajira na za ardhi, na ni sawa waulize. Mimi nauliza pia: vile visima vya kupimia, nani anavishushia kamba leo? Takwimu za miaka kumi ziko katika kompyuta ya nani?

Halafu kuna bwawa lenyewe la Mkurumudzi. Linachukua mita za ujazo milioni 8.4. Tufanye hesabu ya dukani. Ukiligawa hilo kwa siku 365, unapata kama lita milioni 23 kwa siku. Mpe kila mtu lita 50, ya kunywa, kupika, kuoga na kufua, utawatosheleza watu 460,000, zaidi ya nusu ya kaunti nzima kwa hesabu ya sensa ya 2019, kwa mwaka mzima bila tone la mvua. Bila shaka hesabu hiyo ni ya karatasi. Jua hunyonya, tope hujaa, na mto lazima uachiwe maji yake mpaka Gazi, ambako mikoko inayahitaji. Watu wa Gazi na Makongeni wanaelewa vizuri thamani ya mikoko. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wameuza hewa ya ukaa tangu 2013, na sehemu ya fedha zile wamevutia maji vijijini. Lakini hata ukitoa theluthi mbili ya hesabu yangu, bado hilo ni bwawa lililokwisha kujengwa, limesimama Msambweni, na halihitaji mkopo. Bwawa la namna hiyo haliwezi kuachwa nje ya mpango wa maji wa Diani na Msambweni, wala mazungumzo juu yake kuachiwa ofisi mbili tatu zilizofungwa milango. Na wenye mashamba ya miwa ya Ramisi, waliofufua kilimo kilichokufa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukiendesha kwa umwagiliaji wa matone, nao wana haki ya kukaa mezani, mradi waje na mita zao.

Kuhusu kubana matumizi sitakaa sana, maana mengi mnayajua. Takwimu za mdhibiti wa huduma za maji nchini zinaonyesha kwamba kati ya ndoo kumi zinazosukumwa na kampuni za maji Kenya, zaidi ya nne zinapotea njiani au hazilipiwi. Umeme umelipwa, dawa imetiwa, maji yamekwenda mchangani. Kabla ya kuchimba kisima kipya Tiwi, kuziba bomba la zamani kungekuwa na nafuu zaidi, ila kuziba bomba hakuna utepe wa kukata, na hakuna mgeni rasmi.

Maji taka nayo. Ukunda ina zaidi ya watu 70,000 na bado tunategemea vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi, katika mwamba niliowaambia umejaa matundu. Mwenye nyumba anachimba kisima upande huu wa ua na shimo la choo upande ule, hatua chache tu. Nyumba kumi zikifanya hivyo, hakuna tena kisima cha mtu. Wote wanachota katika chungu kimoja na wote wanatia humo. Mpango wa maji usiokuwa na mpango wa maji taka, hapa kwetu, ni nusu ya mpango, na pengine ile nusu isiyo na maana.

Mtaniuliza, je, mvua? Nendeni Wasini. Kisiwa kile hakina maji matamu ya ardhini ya kutegemea, na watu wameishi pale karne nyingi. Wamejenga majabia ya kukinga mvua, na pakikauka wamekuwa wakivusha maji kwa mashua kutoka Shimoni. Mtu wa Wasini anajua lita zilizobaki ndani ya jabia lake kuliko mwenye hoteli anavyojua maji ya kisima chake. Sasa paa la mita za mraba 100, katika mwambao huu unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida, linakinga kama lita 100,000 kwa mwaka. Toa zinazomwagika, zabaki kama 80,000. Mwajua paa za nyumba mpya za Diani ni mita ngapi. Tatizo ni makuti, ambayo watalii wanayapenda na maji yake hutoka na rangi ya chai. Hayo yatumike bustanini na vyooni. Kaunti ndiyo inayopitisha ramani za majengo. Ingeweza kesho kuamua kwamba ramani ya nyumba ya wageni isiyo na milizamu, tangi la mvua na mita ya kisima hairudi na muhuri. Haihitaji Benki ya Dunia kwa hilo.

Najua litakalosemwa. Litasemwa tukiwabana wawekezaji watahamia Kilifi, watoto wetu wakose kazi. Nami nasema mwekezaji mwenye akili huuliza maji kabla ya kuuliza mandhari. Mji wa Cape Town ulipokaribia kufunga mifereji yake mwaka 2018, wageni walipungua kwa habari tu, kabla mfereji mmoja haujafungwa. Diani haina jina jingine la kuuza isipokuwa bahari na mchanga, na mgeni anayeoga maji ya chumvi bafuni baada ya kutoka baharini hatarudi.

Basi nimalizie na jambo la kufanya. Mpango wa maendeleo wa kaunti tulio nao ni wa mwaka 2023 hadi 2027. Wa baada yake lazima uandikwe kabla huu haujaisha, na Katiba inawataka wauandike mbele yenu, katika mikutano ya wananchi ambayo kwa kawaida sisi huwaachia wazee wachache na vijana wa kupiga makofi. Safari hii nendeni. Mkifika kwenye ukurasa wa maji mtaona mabwawa, mabomba na vioski. Hayo yataandikwa tu, hayana haja ya kuombewa. Tafuteni fungu la fedha za visima vya kupimia maji, na jina la ofisi itakayovipima kila mwezi na kubandika matokeo mahali ambapo mwalimu wa Msambweni au mvuvi wa Gazi ataweza kuyasoma. Muulizeni afisa wa maji, kwa heshima lakini mbele ya watu, takwimu za machimbo ziko wapi na bwawa la Mkurumudzi limeandikwa kwa jina la nani. Na kama fungu hilo halimo, semeni liandikwe pale pale kabla mkutano haujafungwa, na lisomwe kwa sauti pamoja na kiasi chake cha shilingi.